Biwi la Uwanjani: Lichomwe au Lingojewe?

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake, suala ni hili: mtu wa Kilosa au Mikumi afagiaye uwanja wake wakati wa kiangazi, akakusanya majani ya mwembe, mabua na magugu, kisha akayatia moto, je, ana lawama, na hali takataka ni zake?

Jibu: Uwanja ni wake, lakini moshi humwingilia jirani, na kumdhuru jirani haijuzu. Na huko Mikumi cheche ikichukuliwa na upepo huangukia nyasi kavu zilizopakana na Hifadhi ya Taifa, iliyowekwa mwaka 1964. Tena alichokiteketeza si takataka. Majani hayo ni deni la ardhi; moto huilipa jivu tu, na sehemu kubwa ya naitrojeni, iliyo chakula cha mimea, hupotea hewani. Kupoteza chenye manufaa pasipo haja ni israfu, ijapokuwa ni jani kavu.

Lililo bora ni kuligeuza biwi liwe mboji. Majani hupangwa kivulini tabaka kwa tabaka, makavu yakiyazidi mabichi, hata kimo cha mita 1. Hunyunyiziwa maji yawe na unyevu wa nguo iliyokamuliwa, na hupinduliwa kila wiki 2 au 3. Ndani hupanda joto hata nyuzi 55 na zaidi, kisha hupoa. Baada ya miezi 3 au 4 hivi, iliyoiva huwa nyeusi, yenye kuvunjika-vunjika, na harufu yake ni ya udongo. Biwi la Juni huiwahi mvua ya Novemba.

Ama akitia samadi ya ng'ombe, kwa madhehebu ya Imamu Shafi samadi ni najisi, wala kuoza hakuitoharishi. Kurutubishia shamba kwajuzu pamoja na karaha. Mboga iliyoota humo ni tohara, ila palipoguswa na najisi paoshwe. Majani matupu yamesalimika na hayo.

Na auzaye mboji asiiite mbichi kuwa imeiva, kwani mbichi huinyang'anya mimea chakula chake, na mnunuzi hajui mpaka bustani imekwisha kunyauka. Hiyo ni ghishi, na ghishi ni haramu.

Moto humaliza kazi kwa saa moja, mboji hutaka miezi. Mwenye haraka huona uwanja umetakata; mwenye subira huirudishia ardhi amana yake. Wallahu aalam.