Mtoto Asiyeongeza Alama

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa darasa la saba yakitoka, ule tunaouita PLE, hapa Nakivale watu wanaulizana jambo moja: shule gani imepata daraja la kwanza nyingi? Hesabu yake ni rahisi. Masomo ni manne: Kiingereza, Hesabu, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Kila somo linapewa namba kuanzia 1, ambayo ndiyo bora, mpaka 9. Mtoto aliyefanya vizuri kabisa anakuwa na 4, na aliyeshindwa kabisa ana 36. Hata mzazi ambaye hakusoma anaelewa. Sina ugomvi na namba hizo. Mzazi aliyekimbia vita akiwa na watoto na sufuria tu ana haki ya kujua kama shule inafundisha.

Lakini mimi nina swali lingine. Nani anauliza juu ya mtoto ambaye hakufika kwenye karatasi ile?

Kazi yangu ni ya vijana, michezo na mazungumzo siku za Jumamosi. Wengi wanaokuja kwangu wameacha masomo. Ukiwauliza sababu watakuambia karo, njaa, mimba, kulima shamba la watu. Wako wengine wachache ambao hawasemi, ndugu zao ndio wanawasemea. Kuna msichana mmoja hasikii vizuri. Shuleni alikaa nyuma ju ni mrefu. Miaka mitatu ripoti yake iliandikwa "mvivu". Alipofika la sita mama yake aliitwa, akaambiwa kwa heshima kabisa: "Mama, huyu arudie la sita, tusimharakishe." Akarudia. Mwaka uliofuata wakaambiwa maneno yaleyale. Mwaka wa tatu msichana hakurudi tena. Na matokeo ya shule ile yalikuwa mazuri.

Jina la shule silitaji, na haina faida kulitaja. Nikitafuta mtu mbaya katika habari hii simpati. Mwalimu hakumpiga. Mwalimu mkuu hakumfukuza. Mama alitii. Kila mmoja alifanya kile ambacho angeulizwa. Shule inaulizwa juu ya alama, basi inalinda alama. Mtoto ambaye ataleta 34 hapo mwisho ni mzigo kwenye karatasi, na njia nyepesi ya kutua mzigo ni kutoufikisha kwenye mtihani. Ukiangalia kitu kimoja tu ndani ya shule, umewafundisha walimu pa kuficha vingine.

Sasa, kazi ya kuangalia ni ya nani? Kwa sheria ya Uganda, jibu lipo. Sheria ya serikali za mitaa ya 1997 iliweka shule za msingi, pamoja na shule maalumu, chini ya wilaya. Kwetu ni wilaya ya Isingiro, yenye baraza lake na wakaguzi wake wa shule. Sheria hiyohiyo inataka ndani ya baraza wawepo madiwani wenye ulemavu, mwanaume na mwanamke. Na mwaka huohuo wa 1997 serikali ilipoanza elimu ya msingi kwa wote, ilianza na watoto wanne kwa kila familia, na mtoto mwenye ulemavu alitakiwa kuwekwa mbele. Yaani wazo la kumtanguliza mtoto huyu hatukuletewa na mradi wa juzi. Lina umri kuzidi mimi.

Shida iko katikati. Sisi wakimbizi hatupigi kura ya baraza la wilaya. Tuko na viongozi wetu wa kamati za wakimbizi, tunawachagua kuanzia kijijini. Hao wanaona: wanajua nyumba gani ina mtoto anayefungiwa ndani, mtoto gani anatambaa kwenda shule. Lakini hawana amri juu ya mwalimu. Baraza lina amri, ila halilali hapa, na diwani hahitaji kura yangu. Halafu kuna mashirika, yanajenga madarasa na kulipa baadhi ya walimu, nayo yanajibu kwa waliotoa pesa. Mwenye kuona hana nguvu, mwenye nguvu haoni, na mwenye pesa anaripoti mbali. Mtoto anapita katikati ya hao watatu bila kugusa mtu.

Rafiki yangu mmoja ni mwalimu. Nilipomweleza haya alinijibu, na jibu lake sikulidharau. Aliniambia: "Ndugu, darasa langu lina watoto zaidi ya mia. Nikimpa mmoja dakika kumi, nimewanyima mia. Niambie wewe, hiyo ndiyo haki?"

Ni swali zito. Nimelibeba wiki nyingi. Kwanza, hesabu ile inadhani kwamba sasa hivi dakika zinagawanywa sawa. Si kweli, na yeye mwenyewe anajua. Wale kumi wanaotazamiwa kupata daraja la kwanza wanafundishwa asubuhi kabla ya wenzao na jioni baada ya wenzao. Mwalimu tayari anatoa zaidi kwa wachache. Kwa hiyo hatubishani kama ni haki kumpa mmoja kuliko wengine. Tunabishana ni nani apewe, na kwa nini apewe yule anayeongeza alama peke yake.

Pili, mambo mengi hayali dakika. Kumkalisha mbele. Kuongea ukiwaangalia watoto, si ubao. Kuandika herufi kubwa. Hata bodi ya mitihani ya taifa, UNEB, inawajua watoto hawa: inawaongezea muda, inachapisha karatasi za maandishi makubwa na za nukta nundu, inaruhusu wakalimani wa lugha ya alama. Lakini lazima shule iombe mapema. Utaombaje kwa ajili ya mtoto ambaye miaka saba hukumwona, uliandika tu kwamba ni mvivu?

Tatu, kuna mambo yenye gharama kweli, na hapo rafiki yangu yuko sahihi. Mtoto asiyesikia kabisa anahitaji mwalimu anayejua lugha ya alama, na mwalimu huyo haoti kwa maombi. Mara nyingine jibu la ukweli litakuwa "hapana, hatuna". Basi lisemwe. Liandikwe: mtoto huyu, anahitaji hiki, hatukumpa kwa sababu hii. Hapana iliyoandikwa mtu anaweza kuiuliza mwaka ujao, anaweza kuipeleka wilayani, anaweza kuiombea pesa. Mtoto aliyenyamaziwa hana karatasi ya kupeleka popote.

Hapo ndipo nimefika. Baraza, kamati ya shule, viongozi wetu wa wakimbizi, hakuna hata mmoja anayeweza kuumba walimu. Ila wote wanaweza kukataa kimya. Na kukataa kimya hakuhitaji bajeti, kunahitaji maswali. Watoto walioingia la kwanza miaka saba iliyopita walikuwa wangapi, na leo wako wapi? Wangapi wana shida ya kuona, ya kusikia, ya kutembea au ya kujifunza, na kila mmoja amefanyiwa nini? Wangapi wamerudia la sita zaidi ya mara moja, na nani aliamua?

Na sisi wa jamii tusijifanye wasafi. Tunamwita mtoto "bubu" wakati ana jina alilopewa na babu yake. Kuna baba anaficha mtoto wageni wakija. Mikutano yetu inaisha kwa chakula na mipaka ya mashamba, na hata mimi naelewa, njaa haina subira. Lakini kiongozi ambaye hajaulizwa na watu wake hataenda kumuuliza mtu wa wilaya.

Kwenu ndugu wa mashirika nasema hivi kwa upendo: njia ya kiti cha magurudumu mliyojenga mpaka chooni ni nzuri, asanteni. Mkija tena msipige picha ya saruji tu. Ulizeni ni mtoto gani anapita pale, na yuko darasa la ngapi.

Siku ya mgao sisi wote tunajua kuhesabu. Familia ya watu saba ni saba, hakuna anayesema huyu tumtoe maana hatembei. Ujuzi huohuo twende nao shuleni. Muhula huu mkutano wa wazazi ukiitishwa, mwalimu mkuu akimaliza kusoma matokeo na watu wakimaliza kupiga makofi, inua mkono umuulize: na wale wengine?