Unapoondoka ofisini, faili ziache mezani

Ndugu yangu uliye katika utumishi wa umma, siku moja kampuni inaweza kukuita. Si dhambi kuitika. Lakini kuna amana utakayoulizwa, na wenzetu wa Ufaransa wamelionja jambo hili kwa muda mrefu.

Kule vigogo wengi walipikwa katika ENA, chuo cha kuandaa watumishi wakuu wa serikali kilichoanzishwa 1945, ambako serikali iliwalipa mshahara wangali wanafunzi. Jean-Marie Messier ni mmoja wao. Alikuwa mkaguzi wa fedha za serikali, kisha kati ya 1986 na 1988 akashughulikia ubinafsishaji wa mashirika ya umma katika wizara ya fedha chini ya waziri Édouard Balladur. Mwaka 1989 akaingia benki ya Lazard. Baadaye akashika kampuni kongwe ya maji, akaiita Vivendi, akanunua huku na kule hadi akafika Hollywood. Julai 2002 akang'olewa. Hasara ya mwaka huo ilipita euro bilioni 23.

Louis Gallois naye ni wa ENA. Alikuwa mkurugenzi mkuu wa viwanda wizarani, akaja kuongoza kampuni ya kuunda ndege ya Aérospatiale, shirika la reli SNCF kwa miaka 10, kisha EADS, kampuni mama ya Airbus, hadi 2012. Alikuwa na miaka 68, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kupumzika. Mwaka huohuo akaikabidhi serikali ripoti ya kuinua viwanda, akakubali pia kuongoza shirikisho la mashirika yanayowahudumia maskini na wasio na makazi. Mtu huyu namheshimu: ujuzi alioupata kwa gharama ya umma aliendelea kuurudisha kwa umma.

Sheria ya adhabu ya Ufaransa humkataza mtumishi, kwa miaka 3 baada ya kuacha kazi, kuingia kampuni aliyokuwa akiisimamia au kufunga nayo mikataba. Akikiuka, kifungo chaweza kufika miaka 3, na faini euro 200,000.

Ni sheria nzuri, ila huanza kuhesabu siku mtu anapoondoka. Uharibifu huanza mapema, angali kitini. Ofisa ameshaahidiwa nafasi. Hajasaini chochote, hajapokea hata senti. Barua ya onyo aliyopaswa kuiandika kwa kampuni ile inalala wiki mbili. Ikitoka, imelainishwa. Kwenye kikao anakaa kimya pale ambapo zamani angegonga meza. Hakuna mkaguzi atakayeyaona haya, na raia ameshauzwa.

Kwa hiyo simu ikilia, mwambie mkuu wako siku hiyohiyo, na kwa maandishi. Omba uondolewe kwenye kila shauri la kampuni hiyo. Usitoke na nakala ya waraka wowote, hata ule ulioutunga mwenyewe. Ukishahamia, usiwapigie vijana uliowalea ofisini ukiwaomba wakusukumie jambo. Unawaweka pabaya, maana watashindwa kukukatalia.

Nanyi vijana mliobaki, mzee wenu wa zamani akija na kadi ya kampuni, mpokeeni kwa shikamoo, mpeni kiti na chai. Ombi lake lipangwe foleni pamoja na ya wengine.