Sababu Nzuri Haitoshi

Wajukuu zangu, ninyi mnaotoka Ibo, Palma na Mocímboa da Praia kwenda kusoma sayansi Pemba, katika Chuo Kikuu cha Lúrio, au mbali zaidi, nisikilizeni. Fedha tunaijua. Masonara wa Ibo wameyeyusha sarafu za kale, wakavuta nyuzi nyembamba, wakasuka mikufu na vipuli ndani ya ngome iliyojengwa mwaka 1791. Kazi ya sonara huishia kwenye kung'arisha. Ila kuna maabara ambako fedha huharibiwa uso makusudi, na habari yake ina funzo kwenu.

Mwaka 1928, huko Kolkata, C. V. Raman alionyesha kwamba mwanga ukiipiga molekuli, sehemu ndogo mno, kama moja katika milioni kumi, hurudi rangi yake imebadilika. Kila molekuli huubadilisha kwa namna yake, basi ukiusoma mwanga huo unaitambua. Taabu yake ni kwamba ni hafifu sana.

Mwaka 1974, Southampton, Uingereza, Martin Fleischmann, Patrick Hendra na James McQuillan walitia elektrodi ya fedha katika maji yenye chumvi, wakapitisha umeme huku na huku mpaka uso wake ukajaa vinundu vidogo vidogo. Walipoumulika kwa leza, molekuli za piridini zilizoushika zikaonekana wazi. Wakasema: uso umepanuka, molekuli zimekaa nyingi zaidi.

Sababu hiyo ilikuwa na akili, na wengi wangeridhika nayo. Mwaka 1977, Jeanmaire na Van Duyne huko Marekani, na Albrecht na Creighton huko Uingereza, walipiga hesabu. Mwanga ulikuwa umezidi mara laki moja na zaidi, na uso haukuwa umepanuka kwa kiasi cha kukaribia hapo. Leo tunajua sababu iliyo kubwa: elektroni za fedha huyumba kwa pamoja mwanga unapozipiga, na nguvu ya mwanga hujilimbikiza kwenye mianya kati ya vinundu.

Kwa hiyo, la kwanza: sababu ikiwapendeza, ipimeni kama inatosha. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

La pili: jichunguzeni nanyi. Kwa miaka mingi watafiti waliona mistari ya ajabu katika mwanga uliorudi kutoka kwa molekuli za aina moja juu ya fedha, wakaitafutia maelezo mazito. Mwaka 2010, watafiti wa Xiamen, China, walionyesha kuwa molekuli zilikuwa zimeungana mbili mbili, zikawa kitu kingine. Fedha na leza yao wenyewe ndizo zilizoziunganisha! Leo kuna wanaoutumia mwanga kwa makusudi kuendesha kemia kwenye elektrodi za fedha na dhahabu.

La tatu: sifa ya mtu isiwafumbe macho. Fleischmann huyo huyo, mwaka 1989, akiwa na Stanley Pons, alitangaza kwamba elektrodi ya paladi imezaa nishati ya kiini cha atomu katika chombo cha mezani. Maabara nyingi zilirudia jaribio, hazikuyaona hayo. Heshima ya 1974 ilibaki yake, lakini haikuweza kulithibitisha la 1989.

Basi mtu akiwaletea sababu, awe profesa, awe mimi babu yenu, msikilizeni kwa adabu, kisha mwulizeni: je, hesabu yake inafika?