Kidonge cha Saa Kumi

Usiku wa kuamkia Jumatano nilikesha. Mjukuu wangu wa miaka mitatu alikuwa amelala ndani ya chandarua, nami nimekaa mkekani pembeni yake, nikingojea saa itimie. Kidonge cha kwanza alikinywa saa mbili usiku, tuliporudi kutoka zahanati. "Cha pili ni baada ya saa nane, bibi," muuguzi aliniambia mara mbili, "usingizi usikupitie." Hapa Tanga saa kumi alfajiri ina kimya chake. Mbwa wamechoka kubweka, bodaboda hazijaanza, mwadhini hajainuka. Nilisikia maji yakidondoka kwenye ndoo, tone, kisha muda mrefu, kisha tone. Na baina ya matone hayo nilisikia pumzi za mtoto, fupi fupi, za homa.

Joto lake lilinifikia kabla sijamgusa.

Bibi yangu alikuwa na neno moja la usiku kama ule, degedege, na hakulitamka ila kwa sauti ya chini, kama mtu apitaye mlangoni kwa aliyelala. Mimi nilikuwa na pakiti ya vidonge mapajani. Kati ya bibi yangu na mimi wamepita watu wengi nisiowajua, na usiku ule niliwawaza wao.

Kidonge chenyewe ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, cha manjano. Nilikiweka kijikoni nikakimiminia maji. Kwanza hakikufanya kitu. Kisha ukingo ukalegea, vipovu viwili vitatu vikapanda, kikaachia taratibu mpaka kijiko kizima kikawa manjano. Humo mlikuwa na dawa mbili za malaria. Moja ni artemeta, inayotokana na artemisinini ya jani la pakanga la China. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, na wenzake waliipata artemisinini hiyo mwaka 1972, baada ya kupekua vitabu vya tiba vya mababu zao na kukuta maelezo ya zaidi ya miaka 1,600 iliyopita: loweka konzi ya majani katika maji, kamua, kunywa. Hapakutajwa kuchemsha. Hapo akang'amua kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiiua dawa. Ya pili ni lumefantrini. Artemeta ina haraka, hufagia vimelea wengi kwa saa chache, kisha nayo hujiondokea mwilini. Lumefantrini hubaki kwa siku kadhaa, ikikesha na masalia.

Sisi tunaiita dawa ya mseto, na neno hilo limetoka jikoni. Mama alipopika mseto aliacha choroko zilainike, akatia mchele na tui, kisha akaseta kwa mwiko mpaka usingeweza tena kusema hiki ni kipi. Hata sasa neno hilo halijaondoka jikoni, kwani lumefantrini hupenya vizuri zaidi ikikuta mafuta tumboni. Ndiyo maana karibu na kijiko nilikuwa nimeweka kikombe cha uji wa maziwa.

Kutoka hapa kwenda Muheza si mbali. Unapita mikonge, unapita michungwa, milima ya Usambara inaanza kuinuka mbele yako. Huko, kati ya 2002 na 2004, watoto 1,811 wa chini ya miaka mitano walipewa dawa za malaria kwa majaribio. Klorokwini tuliyokulia sisi, chungu, yenye kutuwasha ngozi usiku kucha, ilikuwa imeishiwa nguvu. Dawa ya SP, iliyorithi nafasi yake mwaka 2001, nayo ilikuwa inachoka. Basi watoto wakagawanywa makundi manne bila kuchaguliwa: wengine wakapata amodiakwini peke yake, wengine amodiakwini na SP, wengine amodiakwini na artesuneti, na wengine artemeta na lumefantrini, ambayo leo tunaiita ALu. Dawa walipewa nyumbani. Wazazi ndio waliohesabu saa, kama nilivyokuwa nikihesabu mimi.

Siku ya 14, katika kila watoto 100 wa amodiakwini peke yake, vimelea walikuwa wameishinda dawa kwa 42. Kwa ALu, mmoja. Kundi la dawa moja likasimamishwa kabla ya wakati wake. Siku ya 28 hata ALu ilikuwa imepungukiwa, watoto 21 katika 100 wakionekana tena na vimelea, maana Muheza ya miaka ile mbu hawakumpa mtoto nafasi ya kupumzika. Hesabu hizi nazisoma polepole, moja moja, kama ninavyovuta tasbihi. Nafika kwenye wale 42 na vidole vyangu vinasimama.

Nauona mkono mmoja mdogo umeshikwa na mama. Kidole kinachomwa, mtoto analia, tone la damu linawekwa juu ya kioo na kutandazwa. Linakauka, linatiwa rangi, linageuka zambarau. Mtu wa maabara anainamia darubini, anahesabu kimya. Mama amembeba mwanawe mgongoni, anarudi nyumbani kwa miguu, na hana habari kwamba ameacha nyuma yake kitu nitakachokuja kukinywesha kwa kijiko miaka ishirini baadaye. Mwaka 2006 ALu ikawa dawa ya kwanza ya malaria nchini. Mtoto yule, kama yu hai, ni mtu mzima sasa. Huenda tumepishana sokoni.

Nasikia kwamba Rwanda, Uganda na kwetu Kagera wameonekana vimelea wanaoanza kuizoea hata artemisinini. Kwa hiyo majaribio hayajakoma. Sasa wanajaribu dawa tatu kwa pamoja, na mahali fulani asubuhi hii kuna mama anaushika mkono mdogo ili kidole kichomwe. Nilimwombea nikiwa pale mkekani. Sikuwa na jina la kumtajia Mungu, nikasema tu, yule.

Saa kumi ilipotimia nilimwinua mjukuu wangu begani. Alikuwa mzito wa usingizi na moto kama chungu kilichoepuliwa. Alikunywa akiwa amefumba macho, akakunja uso, akanywa na uji, akanilalia kifuani. Nilikaa naye hivyo hivyo, sikutaka kumlaza. Mwadhini akaanza. Sijui adhana ilikuwa imefika wapi nilipohisi jasho lake, kwanza kwenye kisogo, kisha mgongoni, likiilowesha kanga yangu.

Ijumaa saa mbili asubuhi alikunywa cha sita. Homa ilikuwa imekwisha tangu Alhamisi.