Mkataba Ulihesabu Kila Kitu Isipokuwa Utu

Karibu na uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, kuna jengo liitwalo Brook House. Humo huzuiliwa wahamiaji ambao serikali inataka kuwarudisha kwao, na sheria haikuweka ukomo wa siku za kukaa. Mwaka 2017 funguo za jengo hilo zilikuwa mikononi mwa kampuni binafsi, G4S, kwa mkataba wa serikali.

Aprili mwaka huo, mzuiliwa mmoja aliyekuwa akijidhuru alibanwa sakafuni, na askari akamkaba shingo kwa vidole. Muuguzi alikuwepo. Askari kijana, Callum Tulley, alimsihi mwenzake apunguze, huku kamera ya BBC aliyoificha mwilini ikinasa yote. Hakuna aliyejaza fomu kueleza kwamba nguvu ilitumika. Septemba, nchi nzima ikaona.

Ndugu zangu, hayo hayakuzuka ghafla. Januari 2016 BBC ilikwishaonyesha watoto wakionewa huko Medway, kituo kingine cha kampuni hiyohiyo. Mwezi uleule ilichapishwa ripoti ya Stephen Shaw kuhusu vizuizi vya wahamiaji, iliyoihimiza serikali ipunguze idadi ya wanaozuiliwa. Badala yake, Brook House ikaongezewa vitanda: chumba cha wawili kikalaza watatu, choo kikiwa mlemle nyuma ya pazia.

Lakini dalili kubwa kuliko zote ilikuwa kwenye karatasi za mkataba. Mwaka 2019 wakaguzi wa hesabu za serikali walieleza kwamba matusi na nguvu zisizofaa hazikuhesabiwa kuwa kasoro ya utendaji ya kuikata kampuni malipo. Kati ya 2012 na 2018, faida ghafi ya kampuni katika jengo hilo ilifika pauni milioni 14.3. Mwaka 2023 uchunguzi ulioongozwa na Kate Eves ulibaini, ndani ya miezi mitano tu ya mwaka 2017, matukio 19 yenye ushahidi wa kuaminika kwamba huenda yalivunja haki ya mtu kutoteswa wala kudhalilishwa.

Tusiwanyooshee vidole Waingereza peke yao. Nami nimewahi kukaa kwenye kamati ya mtaa iliyoajiri kampuni ya ulinzi. Tulibishana kutwa kuhusu bei, tochi na walinzi wanaosinzia. Usiku mmoja walimkamata kijana aliyekatiza uwanjani. Asubuhi nilikuta kandambili yake moja langoni, mkanda umekatika. Nikaipita. Vitu vyetu vilikuwa salama, basi nikaona kazi imefanyika.

Anayelipwa hufuata kile anachoulizwa. Kwa hiyo, kabla ya kusaini, tuulize: anayeshikwa atamlalamikia nani? Nani ataingia kukagua bila kutoa taarifa? Atakayeona ubaya na kusema, atalindwa na nani? Mimi sikuuliza hata moja, na hadi leo sijui yule kijana alifikaje kwao na kandambili moja.