Mpaka wa Baraza na Njia ya Maskini

Liko swali ambalo watunga sheria wa nchi nyingi hushindana juu yake, nalo latuhusu hata sisi wa Mpanda: mipaka ya mahakama ikatwe kwa kipimo gani, isije ikamdhulumu mtu?

Katika Tanzania mahakama hufuata utawala. Katiba ya 1977 yampa Rais uwezo wa kuigawa nchi katika mikoa na wilaya kwa utaratibu wa sheria. Na sheria ya mahakimu ya 1984 yaagiza kila wilaya iwe na mahakama yake. Basi akataye mpaka wa wilaya amekata pia njia ya mdai.

Tuitazame Mpanda yenyewe. Hata mwaka 1974 ilikuwa sehemu ya Tabora, na reli ya kutoka Kaliua iliwapeleka watu huko. Mwaka huo ikatiwa katika mkoa mpya wa Rukwa, ambao makao yake ni Sumbawanga, zaidi ya kilomita 200 kwa barabara ipitayo katika mbuga ya Katavi. Mwaka 2012 ukazaliwa mkoa wa Katavi. Lakini hata baada ya hapo mashauri ya Mahakama Kuu yaliendelea kuwa ya kanda ya Sumbawanga. Watu hawakuhama, mpaka ndio uliohama.

Wengine husema: tuhesabu vichwa, kila hakimu apate watu sawasawa. Neno hili lina maana, kwa kuwa hakimu aliyeelemewa huchelewesha hukumu. Lakini hesabu ya vichwa haioni njia. Mwaka 2022 Katavi ilikuwa na watu 1,152,958, na Dar es Salaam 5,383,728. Ila watu wa Katavi wametawanyika katika nchi kubwa kuipita Dar es Salaam zaidi ya mara 30. Mfikirini mjane wa kando ya Ziwa Tanganyika anayedai shamba la marehemu mumewe. Yampasa kutafuta nauli yake na ya mashahidi, na posho ya njiani. Siku asipofika, shauri lake laweza kufutwa. Mshindani wake mwenye gari hakumshinda kwa kweli, amemshinda kwa umbali.

Wengine hujibu: basi kila kijiji kiwe na hakimu wake. Hao nao wasahau jambo moja: hakimu akaaye daima kati ya jamaa na majirani hujaribiwa kwa undugu na kwa zawadi.

Iko njia ya katikati, nayo ni ya kale. Samweli alizunguka kila mwaka Betheli, Gilgali na Mizpa, akiwaamua watu huko huko. Vivyo hivyo majaji wa Sumbawanga wamefanya vikao vyao Mpanda. Mpaka mpana haudhulumu, ikiwa mwamuzi ndiye asafiriye.

Katiba yataka haki itolewe bila kutazama hali ya mtu, wala isicheleweshwe pasipo sababu. Basi kipimo cha mpaka ni safari ya aliye dhaifu kuliko wote. Wazee wakikutana kunena habari za wilaya mpya, sisi hushindana ni mji gani utakaopata makao makuu. Yatupasa kuuliza kwanza: mjane yule atatembea siku ngapi?