Filipo Alipanda Lile Gari

Andiko kuu: Matendo 8:26–39. Soma pia Kumbukumbu la Torati 23:1 na Isaya 56:3–5.



Yule towashi wa Kushi alikuwa mkuu wa hazina. Sisi tuliosomea biashara tunamjua mtu wa cheo hicho: pesa zote za malkia ziko mkononi mwake. Lakini kwa Torati, mwanamume mwenye mwili kama wake haruhusiwi kuingia katika mkutano wa Bwana. Ametoka mbali kuja Yerusalemu kuabudu, sasa anarudi akisoma Isaya. Kumbe sura chache mbele, kitabu hicho hicho kinawaahidi matowashi nafasi katika nyumba ya Mungu na jina lisilofutika.

Filipo hakusimama barabarani kumhoji kuhusu mwili wake. Alipanda, akaketi naye, akamhubiria Yesu. Walipofika penye maji, towashi akauliza kama kuna cha kumzuia kubatizwa. Sharti lilikuwa moja tu: imani. Akaenda zake akifurahi.

Kwa nini nahubiri haya leo? Kwa sababu hapa Ukunda, Diani mpaka Msambweni tunao watu wanaoitwa transijenda. Mtu amezaliwa akaitwa mvulana, lakini ndani yake anajijua msichana, ama kinyume chake. Si huntha, ambaye mwili wenyewe umezaliwa na jinsia isiyo wazi. Wala si sawa kabisa na towashi. Wanachofanana ni kwamba watu huuliza habari za miili yao kabla ya kuuliza majina yao.

1. Kumnyima mtu haki si utakatifu. Audrey Mbugua alikuwa na cheti cha shule chenye jina la kiume. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani limpe kipya, chenye jina lake na bila alama ya jinsia. Aliyewahi kutafuta kazi kwenye hoteli za Diani anajua cheti ni ugali. Tunamfungia mtu kila mlango wa kazi, halafu tunamsengenya kwa anavyojitafutia usiku!

2. Ulimi wa madhabahuni unaweza kuumiza. Februari 2010 kule Mtwapa, viongozi wa dini, Waislamu kwa Wakristo, walihamasisha watu dhidi ya waliodhaniwa mashoga. Umati ukatoka, watu wakapigwa. Na huku kwetu Kwale, mwaka 2015, wanaume wawili walikamatwa kwa tuhuma za namna hiyo wakalazimishwa vipimo vya aibu mwilini. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa, Mombasa, ikasema haki zao zilivunjwa. Korti imeliona hilo. Kanisa je?

3. "Sasa Pastor, tunabariki kila kitu?" Hapana. Fundisho letu kuhusu ndoa liko pale pale. Lakini nionyesheni andiko linaloruhusu kumzomea mtu stejini, kumfukuza mtoto nyumbani, ama kumcheka mgonjwa kwenye foleni ya hospitali ya Msambweni. Hakuna! Katiba yetu, kifungu cha 28, inasema kila mtu ana utu unaostahili kuheshimiwa. Mwanzo 1:27 ilitangulia kusema tumeumbwa kwa mfano wa Mungu.

Basi wiki hii tufanye hivi. Wahudumu wa mlangoni, mtu akija mpeni kiti, muulizeni jina, mwiteni kwa hilo alilowapa. Wazazi, mtoto wako akikuambia jambo zito, usimtupie nguo nje. Keti naye kwanza, halafu uje tuombe pamoja. Wenye saluni, maduka na mahoteli, angalieni kazi ya mikono yake. Na ukisikia kelele za "mpige huyo," usiwe wa kuokota jiwe, wala wa kushika simu kurekodi. Simama katikati.

Tuombe. Baba, Wewe uliyemtuma Filipo kwenye barabara ya jangwa, tutume na sisi. Asitoke mtu katika nyumba hii akilia kwa sababu yetu. Katika jina la Yesu, Amina.